Kompyuta ya Ayie

Jumamosi iliyopita mliniacha nje ya ofisi ya kupiga taipu, mjini Kisumu, mkoba begani na kazi imeota mbawa. Kwa waliokosa gazeti, kisa ni kifupi. Bosi alitoka kwenda kula, akarudi mapema, akakuta kompyuta yake imezungukwa na watu wazima wanaopiga makofi. Mimi Seline, karani wake, nilikuwa nimekalia kiti chake nikiendesha gari la mashindano ndani ya skrini.

Nilikuwa naongoza. Bosi sikumwambia, lakini nyinyi nawaambia. Nilikuwa naongoza.

Kabla ya hapo, mnakumbuka, Gordon alikuwa amenitema. Wazee wake walikuja kwetu wakala kuku, wakamletea mama yangu ayie, halafu bwana harusi akapotelea kwa binti mmoja anayeitwa Lornah, mwenye gari lake mwenyewe.

Kwa msomaji asiye wa huku ziwani, ayie ni ile pesa ambayo upande wa mwanamume humpa mama wa msichana, ili mama aseme amekubali. Pesa ya Gordon ililetwa na mjomba wake, Mzee Joram, mvuvi wa zamani. Aliifunga kwenye leso kwa fundo ambalo hata meno hayalifungui. Kiasi alikitangaza sebuleni kwa sauti ya mnada, na majirani wote walisikia kupitia dirishani. Ilikuwa thamani ya ng'ombe wawili na mbuzi mmoja.

Mama yangu, Perez, aliiweka ile leso ndani ya debe la njugu. Gordon alipopotea, hakuna mzee aliyerudi kuiulizia. Mama naye hakuifungua. Ikakaa humo na njugu.

Sasa tuendelee.

Nilipokuwa nashuka ngazi za ofisi nikiwa sina mume wala kazi, wale waliokuwa wakinishangilia walinifuata hadi barabarani.

"Sista, sasa tutacheza wapi?" mmoja akauliza.

"Mnaniuliza mimi? Si mmenifutisha kazi?"

"Lakini tungelipa. Hata bosi wako tungemlipa, ni vile hakutuuliza."

Nikasimama katikati ya barabara. Mwenye mkokoteni akanitukana kwa Kijaluo safi. Nilikuwa nimeshaona maisha yangu mapya: chumba kimoja, kompyuta moja, na benchi refu la watu wanaongoja zamu.

Chumba nilikijua. Kilikuwa Kaloleni, cha Mama Habiba, mjane ambaye mdomo wake unajulikana mtaa mzima. Kilitazama barabara, na kilikuwa kitupu tangu fundi viatu ahamie Maseno kwa wanafunzi.

Mama Habiba alinisikiliza huku akichagua mchele.

"Umechelewa," akasema. "Kuna kijana alikuja jana. Anataka kuweka meza ya pool."

"Kijana gani?"

"Mrefu hivi. Anacheka na meno yote. Gordon."

Yawa! Kisumu yote hii, na Gordon akaona chumba hicho hicho!

"Mama Habiba," nikasema, "meza ya pool ni fujo. Watu wanapiga kelele, wanagombana. Kompyuta, mtu anakaa kitako kama yuko kanisani."

"Au msikitini."

"Au msikitini."

Akaacha mchele. "Mimi kelele sitaki. Basi Jumamosi mje wote wawili. Yeye alete meza, wewe ulete mashine. Nitakachopenda, mwenyewe nampa ufunguo. Hiyo mashine unayo?"

"Ninayo."

Sikuwa nayo.

Nilimweleza Mama jioni hiyo. Aliposikia jina la Gordon, aliinuka, akaenda jikoni, akazamisha mkono kwenye njugu hadi kwenye kiwiko. Alirudi na leso.

"Mama! Hiyo ni ayie."

"Ayie ya nani? Mwenyewe yuko wapi?" Akaipangusa maganda. "Aliyetupa mfupa asiulize mbwa gani ameula. Nunua hiyo kitu, nyathina, mwanangu. Umpige na pesa yake mwenyewe."

Wasomaji, mama yangu ni mwanakamati wa akina mama wa kanisa. Sijawahi kumsikia akisema uongo hata kwa mtoza kodi. Lakini usiku ule alicheka peke yake chumbani hadi nikamgongea mlango.

Kesho yake tulikwenda kwa Hassan.

Hassan alikuwa na kijiduka nyuma ya msikiti, kimejaa kompyuta zilizofumuliwa. Maofisi yakinunua mpya, za zamani yeye ndiye anazinunua, anachomoa kizima, anauza kimoja kimoja. Babu yake alikuja na reli akitokea pwani, lakini yeye alizaliwa Kisumu, na Kijaluo chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilimfahamu kidogo, maana ndiye aliyekuwa anakuja kutengeneza mashine za ofisi yetu. Alikuwa mtaratibu, kofia yake ya kufuma ikiwa imekaa upande, na kalamu nyuma ya sikio.

"Nataka kompyuta ya kuchezea," nikamwambia. "Mpya dukani ni bei gani?"

"Mpya ya kuchezea? Kama ng'ombe wanane."

"Mimi niko na wawili na mbuzi."

Hakucheka. Akavuta kiti, akakipangusa, akamkalisha Mama. "Basi tuchinje vizuri," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Akaniwekea mezani ile bodi kubwa ambayo vitu vyote hupachikwa, na juu yake prosesa, kile kipande kidogo cha mraba kinachofanya hesabu zote.

"Hapa usibane," akasema. "Gari lako linakimbilia hapa. Ukinunua dhaifu, hata uweke skrini ya dhahabu, gari litatembea kama la kuuza kuni. Ng'ombe mmoja aende hapa mzima mzima."

"Na ile nzuri pale juu?"

"Hiyo ni ng'ombe watatu."

"Yawa."

Akajikuna kidevu. "Ngoja, kuna nyingine pale chini." Akainama, akatoa nyingine, safi, karibu sawa na ile ya juu. "Hii nitakupa kwa mmoja."

Nilidhani ni bahati yangu imeanza kugeuka.

Ng'ombe wa pili tukamgawa. Nusu moja ilikuwa ya memori, kwa sababu bila memori mchezo unakwama kila kona. Nusu nyingine ilikuwa ya kadi ya picha na diski. Mbuzi akaenda kwenye skrini. Mimi nilitaka ile pana iliyokuwa dirishani, lakini Hassan alinipa ndogo yenye kona moja ya kijani.

"Mchezaji haangalii kona," akasema. "Anaangalia barabara."

"Na spika?"

"Spika na kadi ya sauti, hiyo ni mbuzi mwingine."

Nikafikiria. "Acha. Mwenye nyumba hapendi kelele."

"Mchezo wa magari bila sauti!"

"Ndiyo. Kimya kimya."

Hapo akacheka, na alipocheka nikagundua kwamba nilikuwa nimekingojea kicheko hicho tangu nilipoingia. Nikakasirika kidogo. Mtu ameachwa juzi tu, moyo nao hauna adabu.

Huku nyuma Mama alikuwa ameshapata starehe zake. Hassan alimpa chai, naye akamlipa kwa hadithi. Alimweleza kisa chote cha Gordon, kuku walioliwa, Lornah na gari lake, na pesa iliyokaa na njugu. "Hii leso unayoona ni ayie yao," akamwambia kwa raha. "Leo inafanya kazi."

Hassan alikuwa ameshaishika ile leso. Aliitazama, akalitazama lile fundo, akamtazama Mama. Kisha akafungua droo, akaitia chini kabisa ya skrubu.

"Huhesabu?" nikamwuliza.

"Si Mama amesema ni ng'ombe wawili na mbuzi? Mama akishasema, nimeshahesabu."

Nikajiambia, huyu naye biashara itamshinda. Kufikia Krismasi atakuwa ameshafunga duka.

Kilichobaki kilikuwa kasha la kuvitia vyote hivyo. Kasha la bati, jipya, halikuwa kwenye uwezo wangu.

"Kasha ni nguo tu," Hassan akasema. "Nguo haikimbizi gari. Hata mbao inafaa, bora vitu vishike."

Mama akaruka. "Ndugu yangu Ogola ni fundi wa mbao! Yuko Asembo Bay. Atatengeneza bure."

Hassan akaandika vipimo, nikavituma kwa gari la samaki. Nami kwa akili zangu nikaongeza maneno mawili matatu. Ulikuwa mwaka ule wa El Nino, mvua inanyesha kama imetumwa. Nikamwandikia mjomba: "Vitu vya ndani ni ghali sana. Tafadhali hakikisha maji hayaingii."

Kosa langu ndilo hilo. Mjomba Ogola, wasomaji, ni fundi wa mbao kweli. Mama hakudanganya. Lakini tangu kuzaliwa kwake hajawahi kutengeneza kitanda wala kabati. Anatengeneza mashua.

Alhamisi gari la samaki likasimama mbele ya duka la Hassan, mjomba amekaa nyuma, amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwa wavu mkuukuu wa omena, wale dagaa wa ziwani. Akakifunua.

Lilikuwa kasha la mvule, limepakwa rangi ya bluu na mistari ya manjano. Ubavuni lilikuwa limeandikwa NYAR ASEMBO, yaani binti wa Asembo, kwa herufi kubwa, maana mjomba haachi chombo kitoke mikononi mwake bila jina. Kila mwanya ulikuwa umeshindiliwa pamba, na juu ya pamba kuna bati, na juu ya bati misumari imepangwa sawasawa. Mfuniko ulikuwa na mpira pembeni.

"Itumbukize ziwani," mjomba akasema. "Ikiingiza tone moja, nikate huu mkono."

Hassan alilizunguka lile kasha mara mbili. "Mzee, imeziba kote?"

"Kote."

"Na hewa?"

"Hewa ya nini? Hii ni kompyuta ama ni kuku?"

Mimi nilikuwa nimeshalipenda, sikutaka kusikia habari za hewa. Tukapachika kila kitu, tukakaza mfuniko, tukawasha. Skrini ikaamka! Nikachagua gari jekundu, nikaondoka. Kona ya kwanza nikapita, ya pili nikapita. Mjomba alikuwa ananiinamia begani akisema, "Kata kushoto! Kushoto, wewe!" Nilikuwa naongoza.

Gari likasimama. Si ajali. Lilisimama tu, na magurudumu yake, na miti, na mawingu. Kila kitu kikaganda. Kisha tukasikia harufu ya rangi inayoungua.

Hassan aliufungua mfuniko upesi, akarudisha uso nyuma. Joto lililotoka mle lingeweza kuivisha mandazi.

"Mzee wangu," akamwambia mjomba kwa upole, "umeizika ikiwa hai. Hii kitu inapumua. Lazima tutoboe."

"Kutoboa nini?"

"Kasha."

Mjomba aliweka mkono kifuani. "Mimi nitoboe chombo changu? Tangu nianze hii kazi, watu wananiletea vyenye mashimo nizibe. Leo ati nizibue?"

Alikubali, lakini hakutazama. Alisimama mlangoni ametupa mgongo huku Hassan anatoboa, na kila tobo lilipoingia, mabega yake yaliruka. Tukaweka feni. Tukawasha. Ikapumua. Nikapanda tena gari langu jekundu, nikacheka kwa sauti.

Furaha yangu haikufika mbali. Jioni ilikuwa inaingia na Hassan alikuwa amewasha taa. Mwenyeji wa Kisumu anajua yale mawingu meusi yanayoinuka ziwani kama moshi, mpaka yakifika ndipo unaona si moshi. Ni wadudu wa ziwa, maelfu kwa maelfu, wanaofuata mwanga. Waliingia mlangoni bila hodi. Waliiona skrini wakaipenda. Waliyaona matobo yetu mapya, na feni iliyokuwa ndani ikawavuta kwa mikono miwili.

Krrr, ikasema feni. Krrr. Kisha ikanyamaza.

Hassan alichota wadudu mle ndani kwa viganja. Vitu vyangu vyote, ng'ombe wangu wawili na mbuzi, vilikuwa vimevaa uji mweusi. Nilikaa chini nikalia. Sikulia kwa sababu ya wadudu. Nililia kwa sababu ya Gordon, na bosi, na kile chumba nilichokuwa nimeshapanga hata pazia lake kichwani.

Hassan hakuniambia ninyamaze. Alinipa bisibisi.

"Shika," akasema. "Chomoa ile bodi, mimi nasafisha feni. Kulia na kufungua skrubu haviendi pamoja, jaribu uone."

Nilijaribu. Kweli, haviendi pamoja.

Tulipokuwa tunasafisha, mjomba Ogola alikuwa anautazama ule wavu aliofungia kasha. Akauokota, akaunyosha mbele ya taa.

"Wavu wa omena haupitishi hata mtoto wa omena," akasema. "Huyo mdudu atapita wapi? Na upepo unapita."

Akakata vipande, akavipigilia juu ya kila tobo mwenyewe, kwa misumari midogo, akipiga mluzi. Chombo chake kilikuwa kimepona. Tukawasha. Wadudu wakaja, wakagonga wavu, wakakosa njia. Feni ikazunguka, gari likakimbia hadi mwisho wa mashindano. Hassan akanipa mkono wa hongera, akasahau kuurudisha. Mimi pia sikumkumbusha.

Jumamosi ikafika.

Meza ya Gordon ilikuwa imetangulia. Iliwekwa nje ya chumba cha Mama Habiba, kwenye ardhi iliyolowa mvua, na mguu mmoja ulikuwa unazama. Mipira yote ilikuwa inaelekea kona moja, hata ile isiyopigwa. Marafiki zake wakaanza kubishana, mmoja akamnyang'anya mwenzake fimbo, mwingine akatukana mama wa mtu. Mama Habiba alikuwa ameziba masikio kwa ncha za mtandio. Gordon mwenyewe hakuonekana. Nikamshukuru Mungu.

"Lete hiyo yako," Mama Habiba akaniambia.

Tukaweka Nyar Asembo mezani. Mama yangu aliketi pembeni, mkono ameuweka juu ya kasha kama mtu anayemshika mtoto kliniki. Nikawasha.

Mwanzo watu walitazama tu. Kisha mashine ikapata joto, na wavu nao ukapata joto.

"Nani anakaanga omena?" Mama Habiba akauliza.

Nikajifanya sikusikia. "Kaa hapa, Mama. Jaribu."

"Mimi? Mzee kama mimi?"

Akakaa. Nikamwonyesha vitufe: hiki kushoto, hiki kulia, hiki mafuta. Akagonga ukuta. Akarudi nyuma, akagonga mti. Watu wakacheka, naye akauma mdomo, akavuta kiti mbele. Na kwa vile mashine haikuwa na spika, sauti ya gari akaitoa yeye mwenyewe.

"Vruuum!" akasema Mama Habiba, adui wa kelele. "Vruuum! Nipishe, wewe wa manjano!"

Benchi zima likamsaidia. Huyu anapiga honi kwa mdomo, yule anapiga breki. Wale marafiki wa Gordon waliacha fimbo zao mezani wakaja kupanga foleni. Nilimtazama Hassan, naye alikuwa ananitazama mimi, si skrini.

Bila kuondoa macho barabarani, Mama Habiba aliingiza mkono kwenye kanga, akatoa ufunguo.

"Hodi hapa!" sauti ikasema.

Alikuwa Gordon, amevaa suti. Nyuma yake alikuwa Mzee Joram, mjomba wake, na kofia yake ya harusi.

"Mama Perez," Gordon akasema akicheka na meno yote, "tumekuja kushukuru. Tumesikia ayie yetu imeliwa."

Mama akakaza mkono juu ya kasha.

Mzee Joram akavua kofia. "Kwetu mambo ni wazi, nyar Asembo. Ayie ikikaa bila kuguswa, neno linangoja. Ikiliwa, mama amekubali. Na mmekula, mji wote unasema. Kwa hivyo huyu msichana ni mke wetu. Tutapanga siku ya kumchukua."

Mimi sijui kama sheria hiyo iko kila boma. Lakini aliitamka kwa namna ambayo hata waliokuwa kwenye foleni waliitikia kwa vichwa.

"Na Lornah?" Mama akauliza.

Gordon akatazama viatu vyake. Mtu akacheka nyuma.

"Alikushusha njiani?" nikamwuliza. "Gari lake lilijaa?"

"Seline, mambo ya zamani tuache. Sasa si unaona vile Mungu anafanya? Meza yangu na kompyuta yako, duka moja."

Mama Habiba alikuwa amegeuka, ufunguo bado mkononi. "Mimi kesi sitaki kwa nyumba yangu," akasema. "Kama huyu ni bwanake, basi ni watu wa nyumba moja. Nitampa bwana ufunguo, wapange wenyewe ndani."

Chumba nilichokipigania kilikuwa kinamwendea Gordon, na mimi nikiwa mzigo wa juu.

"Perez," Mzee Joram akasema taratibu, "wewe ni mtu wa kanisa. Sema tu. Uliila, hukuila?"

Mama alikuwa na beji ya akina mama kifuani. Nilijua hawezi kudanganya. Akafungua mdomo. "Mimi nili..."

"Mzee, samahani," akasema Hassan.

Alisogea mbele, akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso. Ilikuwa bado na ganda la njugu limenasa pembeni. Akampa Mzee Joram kwa mikono miwili.

Mzee Joram akaigeuza. Akalivuta lile fundo, likagoma. Akalivuta tena. "Hili ni fundo langu," akasema. "Hakuna mtu amelifungua."

"Mama alinieleza pesa ilikotoka," Hassan akasema. "Nikajua ina wenyewe, na wenyewe watakuja. Pesa ya namna hiyo hailali vizuri dukani kwangu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa wa kwanza. Gordon ndiye aliyetunyamazisha.

"Ngoja! Ngoja basi! Kama hukuchukua pesa, kompyuta haijalipiwa. Si yake! Seline hana mashine. Mama Habiba, ulisema mwenye mashine ndiye anapata ufunguo, sivyo?"

"Nilisema," Mama Habiba akakubali. Akamgeukia Hassan. "Haya, wewe. Hii mashine ni yako ama ni ya huyu msichana?"

Wakati huo ndipo nilipoyakumbuka yale maneno ya Hassan. Ngoja, kuna nyingine pale chini. Prosesa karibu sawa na ile ya ng'ombe watatu, aliniachia kwa mmoja. Nami nikadhani ni bahati.

Hassan akairekebisha kofia yake.

"Si yangu," akasema. "Na si ya Seline."

"Ni ya nani basi?"

"Ni ya Mama Perez. Nimempa."

Mzee Joram akajishusha kwenye benchi, akamtazama Hassan, kisha mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

"Kijana, unajua umesema nini? Unampa mama wa msichana kitu, mbele ya wazee, mchana kweupe?"

"Mzee, mimi nimezaliwa hapa," Hassan akajibu. "Najua."

Nilikasirika, wasomaji. Kwa nini hakuniuliza mimi kwanza? Na nikafurahi, furaha ya kunifanya nitake kupiga kelele kuliko wote mle ndani. Vyote viwili vikanipanda pamoja, nikabaki nimeshika kipanya cha kompyuta.

Wote wakamgeukia Mama. Aliitazama kofia ya Hassan. Akaitazama beji yake ya kanisa. Kisha akautazama mkono wake, ambao muda wote huo ulikuwa juu ya kasha la Nyar Asembo, na hakuuondoa, lakini hakusema neno pia.

"Mnanichelewesha," akasema Mama Habiba. "Mashine ni ya Perez, na Perez ni mama wa huyu. Kwangu inatosha." Akaninyooshea ufunguo. "Chukua, mwanangu, nimalizie mashindano yangu."

"Seline!" Mama akapaza sauti. "Usiguse huo ufunguo kwanza! Ukiushika, nimeila ayie!"

Nilimsikia. Lakini ulikuwa tayari kiganjani mwangu, na vidole nilikuwa nimeshavifumba.